Kupunga Upepo

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 20:8–11, Kutoka 23:12, Kutoka 31:17, Kumbukumbu la Torati 5:12–15, Zaburi 104:24–26, Marko 6:30–34, Yohana 21:1–14.

Fungu la kukariri: Marko 6:31.

Watafuta Njia wa kanisa letu, huko juu milimani Upare, waliomba jambo moja kwa miaka miwili mfululizo: wapelekwe Tanga wakaione bahari. Hawakuomba kambi wala semina. Walitaka kuiona bahari, kuoga, kula na kurudi nyumbani. Katika baraza la kanisa ombi lile lilikwama kila mara, na si kwa sababu ya fedha pekee. Mzee mmoja wa kanisa, mtu ninayemheshimu sana, aliuliza swali ambalo wengi wetu tulikuwa nalo moyoni: "Bwana ametupa Sabato tupumzike, na siku sita ametupa tufanye kazi. Hiyo siku ya kwenda kukaa ufukweni tunaitoa wapi?"

Swali hilo si la kubezwa. Sisi Waadventista tumelelewa kuhesabu muda kama talanta, na tunajua kwamba amri ya nne inaamuru kazi kama inavyoamuru pumziko. Mtu aliyekaa kutwa nzima akitazama mawimbi atatoa hesabu gani?

Soma Zaburi 104:24–26. Mtunga zaburi anaona vitu gani baharini, na kila kimoja kinafanya nini?

Anaona merikebu zikipita, yaani kazi, biashara na safari. Kando ya merikebu anamwona lewiathani, na juu ya kiumbe huyo anasema jambo la ajabu: Mungu alimwumba acheze humo. Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 41, Mungu anamwuliza Ayubu kama anaweza kumfanya lewiathani kuwa mtumishi wake, na jibu linajulikana. Halimi, habebi mzigo, haendi sokoni. Katika zaburi hii kazi aliyopewa ni kucheza, na mtunga zaburi anamhesabu miongoni mwa matendo ya hekima ya Mungu bila kuona haya.

Marko naye anatusaidia. Mitume walikuwa wametoka kazini, tena kazi ya injili, na watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Yesu hakuwaambia wangoje Sabato. Aliwaita waende pamoja naye kando, mahali pasipo na watu, wapumzike kidogo. Wakapanda mashua. Kwamba makutano waliwawahi kwa miguu na pumziko lile likakatizwa ni habari nyingine, na tunaipenda kwa sababu inatupa muujiza wa mikate. Lakini mwaliko ulitolewa, na ulikuwa wa kweli.

Mzee wetu aliyasikiliza mafungu hayo, akatikisa kichwa, akasema, "Basi nendeni. Nami nitakwenda, nione huyo lewiathani."

Tulifunga Sabato pamoja kanisani jua lilipozama. Tulikuwa waangalifu sana. Hakuna begi lililopakiwa kabla ya sala ya mwisho, hakuna sufuria iliyobebwa. Gari la kukodi lilikuwa limekuja mapema na dereva alikuwa akingoja nje, chini ya mti, tangu saa kumi na moja jioni. Saa mbili usiku tukaanza kushuka mlima, watoto wakiimba. Tungeweza kuondoka Jumapili alfajiri, lakini hapo tungefika adhuhuri, na sisi tulitaka siku nzima. Tukafika Tanga saa nane usiku, mwezi ukiwa mpevu, tukalala juu ya mikeka katika jengo la kanisa tulilopewa na ndugu wa huko. Dereva alibaki garini kulinda vitu.

Nieleze siku yenyewe, maana ilikuwa nzuri na sitaki mtu adhani naandika ili kuilaumu.

Mji wa Tanga hauna haraka. Watu wanapita kwa baiskeli, wazee kwa vijana, kina mama wamekalia nyuma kwa upande, na hakuna anayepiga kengele bila sababu. Watu wa huko wana msemo wao kuhusu wageni, waja leo waondoka leo, halafu wanacheka, kwa kuwa wengi waliokuja kwa siku moja wamezeekea hapo. Tulitembea kupitia Raskazone asubuhi, jua likiwa limeshapanda lakini upepo ukilipoza. Ng'ambo ya maji kilionekana Kisiwa cha Toten, jina ambalo Wajerumani walikiachia na ambalo kwa lugha yao linahusu wafu. Watoto walipoambiwa hivyo walinyamaza kwa muda wa dakika moja hivi, kisha wakaanza tena kelele zao.

Kwanza walihuzunika, kwa sababu bahari haikuwapo. Ilikuwa bamvua. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa mbali kuliko kawaida na kujaa juu kuliko kawaida, na katika pwani yetu tofauti hiyo huweza kuzidi mita 3. Saa nne asubuhi sakafu ya bahari ilikuwa wazi mbele yetu, matope na mawe na majani, na mbali huko wanawake walioinama na vijiti mkononi wakitafuta pweza. Mmoja wao alipita na ndoo yake. Mtoto mmoja akachungulia, akaniuliza kwa sauti kubwa kama mnyama huyo ana mapezi na magamba. Nilimwambia hana. Yule mama alicheka, akasema, "Usiogope mwanangu, sikukupikia wewe."

Halafu maji yakaanza kurudi. Hakuna anayeweza kuyaharakisha wala kuyazuia. Yanapwa muda wa saa sita hivi, yanajaa muda wa saa sita hivi, na mvuvi hupanga maisha yake kwa kuyafuata. Tulikunywa madafu. Tulikula machungwa ya Muheza. Saa tisa ufuko wote ulikuwa umejaa, na watoto waliokuwa hawajawahi kuona maji mengi kuliko ya mto wa kijijini waliingia wakishikana mikono, wakaonja chumvi, wakapiga kelele. Mzee wetu alikunja suruali mpaka magotini, akasimama ndani ya maji mikono ikiwa nyuma, kimya, kwa muda wa karibu saa nzima. Nilipomsogelea aliniambia, "Sikujua kwamba inapumua." Sikuongeza neno.

Lakini nilikuwa nimeanza kuona mambo mengine pia. Kina mama wa Dorkasi walikuwa wamewasha moto tangu saa kumi na moja alfajiri, na mara yangu ya kwanza kuwaona wakigusa bahari ilikuwa walipokwenda kusugua sufuria. Dereva alitumwa mjini mara mbili, mara ya kwanza kutafuta barafu, mara ya pili kurudisha barafu isiyotosha. Aliombwa asogeze gari kivulini. Aliombwa alinde viatu. Pilau ilipopakuliwa, sahani zilihesabiwa kwa watoto na walezi, na zikatosha sawasawa. Baadaye nilikumbuka kwamba nilimwona akinunua muhogo wa kukaanga, na nikadhani anapenda muhogo.

Tukaondoka saa kumi na mbili jioni. Tulikuwa tumeshaipita Mombo, watoto wote wamelala, gari lilipoanza kuuacha mstari wake taratibu na kwenda upande wa kulia. Lori lilikuwa linakuja. Mtoto aliyekuwa kiti cha mbele ndiye aliyepiga kelele. Dereva alizinduka, akavuta usukani, akasimamisha gari pembeni na kushuka. Tulimkuta amejimwagia maji kichwani, mikono inamtetemeka. "Nisameheni wazee wangu," alisema. "Tangu Ijumaa sijalaza kichwa." Ijumaa usiku alikuwa amepeleka waombolezaji Moshi. Jumamosi mchana alikuwa amebeba wafanyabiashara wa sokoni. Kisha akaja kutungojea sisi tufunge Sabato.

Hakuna kati yetu aliyemwuliza lini alilala.

Alilala pale pale, saa tatu, kwenye viti viwili vya mbele, na mzee wetu akakaa mlangoni ili mtoto yeyote asimwamshe.

Soma Kutoka 20:10, kisha Kumbukumbu la Torati 5:14. Andika majina ya wote wanaotajwa katika orodha hiyo. Ni yupi kati yao anayejiamulia mwenyewe kupumzika?

Ni mmoja tu, yule anayeitwa "wewe". Wengine wote pumziko lao liko mkononi mwake: mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda, mgeni. (Mke hakutajwa. Naamini yumo ndani ya "wewe", lakini nikikumbuka zile sufuria naona kwamba sisi wanaume tumezoea kusoma kana kwamba hayumo popote.) Musa anaporudia amri katika Kumbukumbu la Torati anatoa sababu iliyo wazi: mtumwa na mjakazi wapate kupumzika sawa na bwana wao. Kipimo cha pumziko langu, basi, ni pumziko la yule anayenitumikia. Sisi tuliilinda Sabato kwa dakika, tukawa safi upande wetu, na gharama ya usafi ule ikalipwa na mgeni aliyekuwa ndani ya malango yetu, chini ya mti wetu. Kungoja jua lizame hakukuwa kosa, wala sijutii. Kosa lilikuwa kutaka siku nzima ya bahari kwa usingizi wa mtu mwingine.

Kuna neno linalonisaidia hapa. Kutoka 31:17 inasema kwamba Mungu, baada ya siku sita za uumbaji, alistarehe na kuburudika. Kitenzi cha Kiebrania kilichotafsiriwa "kuburudika" ni nadra. Kimetokana na neno lile lile la nafsi, la pumzi, na katika Agano la Kale lote kinaonekana mara tatu tu. Mara moja ni kwa Daudi, anapofika amechoka akimkimbia Absalomu (2 Samweli 16:14). Mara moja ni hapa, kwa Mungu. Na mara nyingine ni Kutoka 23:12, ambako wanaoburudika ni mwana wa mjakazi na mgeni. Kiswahili chetu nacho kinajua uhusiano huo, kwa maana kupumzika kumetoka katika pumzi. Pumzi aliyovuta Muumba alipoitazama kazi yake ndiyo aliyoamuru mtoto wa kijakazi naye apewe nafasi ya kuivuta.

Kumbukumbu la Torati 5:15 inaongeza: kumbuka ulikuwa mtumwa. Njia ya kutoka Tanga hupita katikati ya mashamba ya mkonge. Mmea huo uliletwa huku na Mjerumani Richard Hindorf katika miaka ya 1890, na kwa miongo mingi uliita watu kutoka mbali, waliokuja kwa mikataba na kuitwa manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30, na siku ambayo hukumaliza sehemu uliyopimiwa haikuwekewa alama. Babu yangu mzaa mama alitoka Kigoma akaja kukata mkonge karibu na Muheza. Alikaa huko miaka mingi. Bibi aliniambia kwamba upepo wa jioni ulipovuma kutoka mashariki, babu alikuwa akisema anasikia harufu ya bahari, na kwamba hakuwahi kuiona. Ni safari ya nusu siku kwa baiskeli. Hakupata hiyo siku. Nilipita kando ya mashamba yale mara mbili katika safari yetu, kwenda na kurudi, na mara zote mbili nilikuwa nimekaa nyuma ya mtu asiyekuwa na siku.

Najua litakalosemwa darasani, maana lilisemwa kwetu. Dereva alikubali mwenyewe. Alihitaji fedha, na kama tungemhurumia kwa kutomkodi, huruma hiyo isingemlisha. Vivyo hivyo muuza madafu: siku tunayopunga upepo ndiyo siku anayopata karo ya mtoto. Kama kila mtu angepumzika siku moja na sisi, nani angepanda mnazi? Hoja hii ni nzito. Siku njema ya mtu mmoja mara nyingi ni siku ya kazi ya mwingine, na hilo peke yake si dhuluma. Ndiyo maana sikubaliani na wale waliosema baadaye kwamba tusingekwenda kabisa. Watoto wale waliiona kazi ya Mungu kwa macho yao, na muuza madafu alirudi nyumbani na fedha halali.

Lakini kukubali kwa mtu aliyechoka na mwenye shida si ruhusa ya kuacha kuuliza. Farao naye alikuwa na wafanyakazi waliokuja kazini kila asubuhi.

Soma Yohana 21:1–14. Wanafunzi walikuwa wamefanya nini usiku kucha? Walipofika pwani walikuta nini, na nani alikuwa amekiandaa?

Tumezoea kusoma sura hii kwa ajili ya samaki 153 na kwa ajili ya Petro. Safari hii tazama moto wa makaa. Watu saba wametoka katika kazi ya usiku mzima, wamechoka, wamelowa. Kumekucha. Ufukweni yuko Bwana aliyefufuka, mwenye mamlaka yote mbinguni na duniani, naye amewasha moto, ameweka samaki na mkate. Anawaomba waongeze na samaki waliowavua wao, hivyo kazi yao haikudharauliwa. Kisha anawaita wale, na anawagawia kwa mkono wake mwenyewe. Asubuhi ile kando ya bahari aliyepumzishwa alikuwa yule aliyetoka zamu ya usiku, na aliyepika alikuwa Bwana.

Sisi tulikuwa na moto, tulikuwa na pilau, na alfajiri ile ile, hatua ishirini kutoka kwenye masufuria, kulikuwa na mtu aliyefanya kazi usiku kucha kwa ajili yetu.

Mwaka uliofuata watoto waliomba tena. Mzee yule yule ndiye aliyesimama kwanza barazani, na safari hii hakuuliza kuhusu lewiathani. Alipendekeza tuondoke Jumapili alfajiri, tulale Tanga usiku mmoja, dereva alipiwe chumba cha gesti na chakula kama mmoja wetu, na kina mama wasipike bali tununue chakula kwa mama lishe wa pale pale. Wote tuliona ni haki. Kisha mhazini akapiga hesabu. Mchango wa kila mtoto ukapanda, na wazazi wa watoto wanne wakaja, mmoja mmoja, kuomba majina ya watoto wao yafutwe.

Baraza lilikaa mpaka usiku. Wengine walisema turudi kwenye mpango wa zamani, ila tumwombe dereva alale mchana. Wengine walisema tuende siku moja tu, tufike adhuhuri, bahari ionekane kwa saa chache. Wengine walisema kanisa liwalipie wanne hao, na mhazini akauliza kutoka mfuko gani, maana paa la darasa la watoto lilikuwa bado linavuja. Mzee wetu alisema atatoa nafasi yake yeye, kwa kuwa bahari ameshaiona. Hilo lilimsaidia mtoto mmoja.

Kwa majadiliano darasani:

Katika juma lililopita, ni nani aliyefanya kazi ili wewe upumzike? Unajua analala saa ngapi?

Katika Sabato zenu za ugeni mkubwa na makambi, nani huingia jikoni, na ni lini mtu huyo huketi kusikiliza somo? Panga pamoja na darasa lako jambo moja linaloweza kubadilishwa kabla ya robo hii kwisha.

Kama mngekuwa katika baraza lile, watoto watatu waliobaki mngewafanyia nini, na dereva mngemfanyia nini?